Kofia ya Mwamuzi

Kila kiungo cha mwili kina ada yake ya kujikinga. Mkono hurudi nyuma ukiguswa na moto, jicho hufumba likijiwa na vumbi, na mguu hukwepa mwiba kabla akili haijapata habari. Kichwa kina ada dhaifu kuliko vyote. Hukaa juu ya shingo kikiangalia mambo ya viungo vingine, na msiba wake aghalabu hukijia kikiwa kimetazama pengine. Kwa sababu hii watu wa kila nchi wametafuta kitu cha kukifunika. Na kwa sababu hii uchaguzi wa kofia, unaodhaniwa na wengi kuwa ni jambo la urembo, ni jambo la akili na wakati mwingine ni jambo la uhai.

Sigi ni mahali padogo chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, katika njia itokayo Muheza kwenda Amani. Mto wenye jina hilo hilo hushuka kutoka misituni, huingia katika bwawa la Mabayani linalowapa maji watu wa mji wa Tanga, kisha huenda baharini. Wadachi walipokuwa watawala walijenga reli ndogo kutoka Tengeni mpaka Sigi, mwendo wa kilomita 23 hivi, ili kushusha magogo ya mlimani. Reli hiyo haipo tena, lakini nyumba ya stesheni imesalia, na wageni waendao kuitazama Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, hupokelewa hapo.

Juu ya Sigi, huko Amani, serikali ya Wadachi ilianzisha mwaka 1902 chuo cha utafiti wa mimea na kilimo kilichopata sifa katika nchi nyingi. Wazungu wa zama zile katika nchi za joto walivaa kofia za jua, pana na nene, kwa kuwa waganga wao waliwafundisha kwamba miale ya jua la Afrika hupenya fuvu la kichwa na kuudhuru ubongo. Wachukuzi waliopandisha mizigo mlimani hawakuwa na kitu kichwani ila ngata, na juu ya ngata mzigo. Jua lile lile liliwapiga wala ubongo wao haukuharibika. Imani hiyo ilidumu miaka mingi, ikaja kuachwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili na baada yake, askari walipokaa juani bila kofia zile na wasipatwe na maradhi waliyotishwa nayo. Kofia ya jua haikuwa kitu kibaya, maana kivuli ni neema kwa kila mtu. Kosa lilikuwa kuchagua kinga kabla ya kuipima hatari. Wenye kofia zile waliogopa kitu cha juu, na mbu wa malaria akawauma miguuni. Amani yenyewe baadaye ikawa makao ya utafiti wa malaria.

Mwalimu mmoja, mzaliwa wa Sigi, alikutana na swali la kofia kwa njia ambayo wazee wake hawakuiwaza. Alipokuwa masomoni Dar es Salaam aliujua mchezo wa besiboli. Mchezo huu ni wa Wamarekani kwa asili, na Wajapani wameupenda kama wao. Katika miaka ya 2010 Wajapani waliusaidia kuingia katika shule za sekondari za Tanzania, na uwanja wake ukajengwa katika Shule ya Sekondari ya Azania. Uganda ilikuwa imetangulia: timu yake ya watoto ilistahili kwenda katika mashindano ya dunia mwaka 2011 ikanyimwa viza, na mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano hayo huko Williamsport, Pennsylvania. Mwalimu huyo alipopata kazi karibu na kwao, aliwakusanya vijana wa shule akawafundisha. Marafiki walimpelekea glavu, magongo, mipira, na vazi moja la mdakaji. Vazi la mwamuzi halikuwamo. Na mwamuzi alikuwa yeye mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyezijua sheria.

Ni lazima kueleza mahali mwamuzi anaposimama, maana hapo ndipo jambo lote lilipo. Mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo. Mpigaji husimama kando ya bamba lililolazwa chini, na kati ya kichuguu na bamba kuna meta 18.44. Nyuma ya bamba huchutama mdakaji. Nyuma ya mdakaji huinama mwamuzi, uso wake ukichungulia juu ya bega la mwenziwe, ili aone kama mpira umepita juu ya bamba, usiwe chini ya magoti ya mpigaji wala juu ya kifua chake. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 142 hadi 149. Ndani umezongwa nyuzi kwa nguvu na nje umeshonewa ngozi, na aliyepigwa nao hauiti mpira, huuita jiwe. Mrushaji hodari wa kulipwa huutupa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, nao hufika katika muda usiotimia nusu ya sekunde. Kijana wa shule hawezi kasi hiyo. Tena nguvu ya kitu kiendacho hukua kwa mraba wa kasi yake, hata mpira wa kilomita 100 kwa saa una nguvu isiyofika nusu ya ule wa 150. Hiyo ni faraja, lakini ni faraja ya mtu aliyeambiwa kwamba nyundo itakayompiga ni ile ndogo.

Mpira uliokwenda sawa hudakwa. Hatari ya mwamuzi ni mpira ulioguswa kidogo na gongo. Huo hubadili njia bila kupoteza kasi kubwa, humpita mdakaji aliyekwisha kuweka glavu mahali pengine, na humkuta mwamuzi ametulia, kwa maana kutulia ndiyo kazi yake. Mchezaji ana ruhusa ya kukwepa. Mwamuzi akikwepa huondoa macho penye mpira, na akiondoa macho hutoa hukumu ya jambo asiloliona. Basi kofia yake ina kazi mbili: kumlinda yeye asiumie, na kuilinda hukumu yake isiharibiwe na hofu. Wachezaji huiona kazi ya kwanza. Ya pili huonekana siku ambayo kofia haipo.

Kinga za mchezo huu zilipatikana moja moja, na kila moja ilikuwa na bei yake. Mwaka 1877 Fred Thayer wa chuo cha Harvard alitengeneza barakoa ya vyuma kwa ajili ya mdakaji James Tyng, akifuata mfano wa ile ya wachezao kwa vitara. Watazamaji walicheka, wakasema kwamba mwanamume hafichi uso. Mwezi wa Agosti 1920 mpira ulimpiga kichwani Ray Chapman, mpigaji wa Cleveland, naye akafa siku ya pili. Hata hivyo ligi kuu ya Marekani haikuwalazimisha wapigaji kuvaa kofia ngumu mpaka mwaka 1971. Mwaka 1976 kipande cha gongo lililovunjika kilimchoma shingoni Steve Yeager, na kutoka jeraha hilo kikabuniwa kibamba kinachoning'inia chini ya barakoa kulinda koo. Mwezi wa Julai 2007 mwalimu wa wachezaji, Mike Coolbaugh, aliyesimama kando ya uwanja, alipigwa na mpira akafa, na mwaka uliofuata walimu wa namna yake wakaamriwa kuvaa kofia ngumu. Mwamuzi naye hajasazwa na mauti katika michezo ya mpira mgumu: mwezi wa Novemba 2014 huko Ashdod, katika Israeli, mwamuzi wa kriketi Hillel Oscar alipigwa na mpira, akafa. Mambo haya yakitazamwa pamoja huonekana kwamba watu hawakukosa maarifa ya kutengeneza kofia. Walikosa moyo wa kuivaa kabla mwenzao hajazikwa.

Mwalimu alipouliza bei aliambiwa kwamba kuna kofia za namna mbili. Ya kwanza ni barakoa ya zamani: kimia cha vyuma mbele ya uso, mito ya ngozi au sponji kwenye paji na mataya, na mikanda nyuma ya kichwa, juu ya kapelo. Ni nyepesi, hupitisha hewa, na mwamuzi huivua kwa mkono mmoja mara moja atakapo kuukimbilia mpira kwa macho. Ikipigwa husogea au huchomoka kichwani, na katika kuchomoka huchukua sehemu ya nguvu ya pigo. Lakini huacha utosi, kisogo na masikio bila ngao. Ya pili ilianza kuonekana katika ligi kuu mwaka 1996, mdakaji Charlie O'Brien wa Toronto alipoivaa kwa kufuata mfano wa walinda lango wa hoki ya barafuni. Hiyo hufunika kichwa kizima, na gamba lake la duara huuteleza mpira ukaenda pembeni. Lakini ina joto, nalo joto la bonde la Sigi halihitaji msaada. Huvuliwa kwa taabu. Na huziba sauti kiasi, hali mwamuzi huhukumu mambo mengine kwa sikio.

Tena kuna habari ya madini. Vyuma vya titani ni vyepesi na huipumzisha shingo, na bei yake ni kubwa. Vyuma vya kawaida ni vizito zaidi, lakini uzito huo si hasara tupu, maana kitu kizito hukataa kusukumwa haraka, na kadiri barakoa inavyokataa kusukumwa ndivyo kichwa kinavyotikisika kidogo. Na juu ya yote kuna ukweli ambao muuzaji hausemi kwa sauti: kofia ngumu huzuia fuvu lisivunjike kuliko inavyozuia ubongo usitikisike. Ubongo umo ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Ganda laweza kuwa zima na kiini kikawa kimevurugika. Hakuna kofia inayoondoa mtikisiko wa ubongo kabisa, na mwamuzi aliyepigwa akaona kizunguzungu hana budi kuondoka uwanjani hata kama kofia yake haikupata mkwaruzo.

Akaenda kwenye mitumba mjini Tanga, ambako vitu vya michezo vya nchi za mbali huonekana mara moja moja kati ya makoti na viatu. Aliikuta barakoa moja, bei yake ndogo. Aliigeuza akaona chuma kimoja kimepinda kuingia ndani, na sponji ya paji imekuwa ngumu kama mkate wa juzi. Chuma kilichopinda kimekwisha kufanya kazi yake mara moja. Hakuna ajuaye kama kitaifanya mara ya pili. Nguo ya mtumba humfaa mtu wa pili kwa sababu maisha yake ya kwanza hayakuipunguzia heshima. Kinga ya kichwa si hivyo, kwa kuwa pengine imekwisha kutumika kabisa na bado inang'aa. Akairudisha, akaamua kuweka akiba anunue mpya.

Hapo ndipo uchaguzi ulipogeuka. Mwalimu alikuwa na mdogo wake, dereva wa bodaboda kati ya Muheza na Amani. Njia hiyo ni ya mlima, ina kona nyingi, na mvua ikinyesha udongo wake huwa sabuni. Kijana alipakia abiria, na safari nyingine alipakia iliki na pilipili manga. Alikuwa na kofia ngumu, lakini ukanda wake wa kidevu ulikuwa umekatika, na ganda lake lilibonyea kwa kidole. Aliivaa mbele ya askari wa barabarani na kuitundika kwenye usukani baada ya kuwapita. Abiria hawakuwa na kofia. Wengine waliikataa hata walipopewa, kwa sababu ya suko la nywele au kinyaa cha jasho la mtu mwingine.

Habari ya kofia ya pikipiki ilifunuliwa na kifo cha mtu mashuhuri. T. E. Lawrence, askari na mwandishi Mwingereza, alianguka na pikipiki yake mwezi wa Mei 1935 akafa baada ya siku chache. Miongoni mwa waganga waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Cairns hakuuacha msiba huo upite. Alikusanya habari za askari waliokufa kwa pikipiki, akazichapisha mwaka 1941, na katika mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru wapanda pikipiki wake kuvaa kofia ngumu. Uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali ulipojumlishwa mwaka 2008, ilionekana kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini hesabu hizo ni za kofia iliyo kichwani na iliyofungwa. Ile isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini. Na ndani ya ganda kuna povu gumu linalobonyea ili lipokee pigo badala ya fuvu. Likibonyea halirudi, kwa hiyo kofia iliyokwisha kuanguka ajali moja kubwa haifai kwa ajali ya pili.

Akiba ya mwalimu ilitosha kofia moja. Alilitia jambo hilo mbele ya mama yake, ambaye hakuwa ameuona mchezo wa besiboli hata siku moja. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Mwanangu, huko kwenye mchezo wako, ukiona hatari huwezi kusimama mahali pengine?"

"Naweza, mama. Lakini nikisimama pengine sioni vizuri, na vijana watasema nawadhulumu."

"Na mdogo wako, akiona hatari katika ile kona ya mtoni, asimame wapi?"

Mwalimu hakuwa na jibu, wala hakukubali siku hiyo. Hoja yake haikuwa ya choyo. Alijua kwamba haki ndogo za uwanjani ndizo zinazowafundisha vijana kuamini haki kubwa za nje ya uwanja, na kwamba mwamuzi anayehukumu kwa kukisia huwafundisha kinyume chake. Alikuwa amekwisha kuona timu mbili zikikaribia kupigana kwa ajili ya mpira mmoja. Kwa hiyo jambo lililomkabili halikuwa kupima kitu chenye thamani na kitu kisicho na thamani. Zilikuwa thamani mbili, na fedha moja.

Alilolifanya mwishowe lilitoka katika swali la mama. Kuna desturi ya zamani ya mchezo huu, kwamba mwamuzi aliye peke yake, asiye na vazi, huweza kusimama nyuma ya mrushaji. Kutoka hapo huuona upana wa bamba vizuri kiasi, lakini kimo cha mpira hukiona kwa shida. Naye bado yumo katika njia ya mpira uliopigwa, ila anao nafasi ya kuuona ukija na ruhusa ya kuuepa. Aliwaita manahodha wa timu zote mbili kabla ya mchezo, akawaambia wazi atakapokuwa haoni sawasawa, na kwamba dosari hiyo itakuwa ya timu zote kwa kipimo kimoja. Wakakubali. Fedha ikanunua kofia ya pikipiki, mpya, yenye alama ya kipimo cha Umoja wa Mataifa na ukanda unaofungika, na sharti lake likawa moja: isitundikwe kwenye usukani. Mdogo mtu alilalamika juu ya joto kwa majuma mawili, kisha akaacha kulalamika, kama watu wanavyoacha kulalamika juu ya viatu.

Akiba ilianza upya, na mwaka uliofuata ikatimia. Watu waliomfahamu mwalimu walidhani kwamba atanunua barakoa ya zamani, maana ndiyo iliyo rahisi na nyepesi, na yeye mwenyewe alikuwa akiisifu kwa sababu zote zilizotajwa. Akanunua ya kufunika kichwa kizima. Sababu yake ilikuwa kwamba kufikia wakati huo alikuwa ameanza kuwafundisha wanafunzi wawili kazi ya uamuzi, na kofia ingekuwa yao kuliko kuwa yake. Barakoa ya mbele humlinda mtu anayeweza kuutazama mpira usoni mpaka umfikie. Mwanafunzi hawezi bado. Mpira ukija hugeuza kichwa, na akigeuza kichwa huuelekezea sikio, mahali ambapo barakoa haina chuma. Kofia nzima humsamehe kosa hilo mpaka ajifunze kutogeuka.

Basi kofia bora haikujulikana dukani. Ilijulikana baada ya kuulizwa hatari iko wapi, itakuja kutoka upande gani, na kichwa kitakachoivaa kina uzoefu gani. Wale waliovaa kofia za jua njiani kwenda Amani hawakukosa fedha wala elimu. Walikosa kuuliza kwa utaratibu huo. Wanafunzi wale wawili sasa husimama kwa zamu nyuma ya bamba, na mwalimu husimama pembeni akitazama macho yao kuliko anavyoutazama mpira.